Somo: Seva ya barua pepe za wingi, ulipie leseni au uchukue programu huria?

Wakuu, swali hili linarudi kila mara, na wengi huanza na jina la programu. Tuanze na hesabu.

Hatua ya 1: Hesabu barua zako. Tuseme chama cha wafuga nyuki Sikonge kina wanunuzi 3,000 na kinawaandikia mara mbili kwa mwezi. Ni barua 6,000. Kwa mzigo huo bei ya leseni hata usiiulize. Postfix, programu huria (ya bure, msimbo wake uko wazi) iliyoanza kutolewa 1998, inaumudu bila kutoka jasho. Programu ya kulipia kama PowerMTA inaanza kuwa na maana ukituma mamilioni, kwa niaba ya wateja tofauti, kupitia anwani nyingi za IP (namba zinazotambulisha seva mtandaoni).

Hatua ya 2: Seva isikae ofisini. Umeme unakatika, na laini ya simu haikupi IP ya kudumu wala rekodi ya PTR (inayoonyesha IP hiyo ni ya jina gani la seva). Kodi seva ya mbali, ila kabla ya kulipa uliza kama mlango wa 25, ambao seva hutumia kupelekeana barua, uko wazi. Kampuni nyingi huufunga.

Hatua ya 3: Weka SPF, DKIM na DMARC, yaani rekodi za domeni (jina lako la mtandaoni) zinazothibitisha kwamba barua ni yako kweli. Tangu Februari 2024, anayefikisha barua kama 5,000 kwa siku kwenda akaunti za Gmail anatakiwa awe nazo zote tatu, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike 0.3%. Ukifikisha idadi hiyo hata mara moja, unahesabiwa mtumaji wa wingi daima. Muuzaji akikwambia programu yake inakwepa haya, muage kwa adabu.

Hatua ya 4: Angalia foleni ya barua zinazosubiri kutumwa, maana tofauti ya kweli iko hapa. Gmail wakikujibu kwa namba inayoanza na 4, maana yake subiri. Postfix huirudisha barua kwenye foleni na kuijaribu tena hadi siku 5. Unaweza pia kuitengea Gmail njia yake kwa transport_maps (jedwali la Postfix la kuchagulia barua njia) na kuipunguzia mwendo. PowerMTA inafanya hayo kwa kila IP na kila mteja, inapunguza kasi yenyewe ikipata jibu fulani, na inakuandikia sababu za barua kurudi. Hicho ndicho unacholipia, pamoja na mtu wa kumuuliza mambo yakikwama. Lakini tangu 2023 ipo KumoMTA, huria, iliyotengenezwa kwa mizigo mikubwa kama hiyo. Mipangilio yake inaandikwa kwa Lua, lugha ya kuandikia programu, kwa hiyo umpate mtu anayejua kuandika msimbo.

Hatua ya 5: IP mpya ianze na barua chache, uongeze polepole.

MASWALI

Urambo: Mkuu, nimeuziwa orodha ya anwani 20,000. Programu gani itazifikisha?

Jibu: Hakuna. Wenye anwani hawakukuomba, watabofya "barua taka" na domeni yako itachafuka. Tena Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Achana nayo hiyo orodha.

Nzega: Shikamoo mwalimu. Chuo chetu hakina mtu wa Linux, mfumo unaoendesha seva hizi.

Jibu: Marahaba. Basi msisimamishe seva kabisa. Pitisheni barua kwenye huduma kama Amazon SES, bei yake ya kawaida ni dola 0.10 kwa barua 1,000. Zile 6,000 za Sikonge hazifiki hata dola moja. Rekodi za hatua ya 3 bado mtaziweka.

Kasulu: Kaka, Gmail zinafika, Outlook zinarudi na 550 5.7.1 S3150. Nihamie ya kulipia?

Jibu: Usihame. Namba hiyo inasema kundi la IP ulimokodi limezuiwa na Microsoft, mara nyingi kwa makosa ya wapangaji wenzako. Mwombe mwenye seva akubadilishie IP au awaandikie Microsoft mwenyewe. Akikataa, tuma hapa mstari mzima wa logi (kumbukumbu za seva), ila futa kwanza anwani ya mteja.