Kusoma utenzi kwa sauti darasani mtandaoni

Kwa walimu wa fasihi wa Lamu wanaofundisha kwa intaneti: msiwape wanafunzi utenzi wausome wote kwa pamoja. Sauti hufika kwa kuchelewa, zinagongana, na programu huibakiza ile kubwa peke yake. Msomaji awe mmoja, wengine wazime maikrofoni.

Gawa makundi ya watu 4, kila kundi beti 6. Wawili wapokezane beti, wa tatu ahesabu mizani, yaani silabi (8 kwa kila kipande, na ubeti una vipande 4), wa nne aeleze msamiati. Anayefuata afungue maikrofoni mwenziwe akiwa kwenye kipande cha tatu. Akingoja kina cha bahari (silabi ya mwisho wa ubeti, ile ile utenzi mzima) kitamkwe ndipo afungue, kimya kinaingia na mahadhi yanakatika.

Zima kichuja kelele cha programu. Hicho hudhani mnong'ono na sauti ya kuvutwa ni kelele, kikazikata, na humo ndimo hisia zilimo. Simu iwe umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, dirisha la upande wa kusi lifungwe. Mwenye mtandao dhaifu arekodi mapema, atume kwa WhatsApp.

Kiamu, lahaja ya Lamu, kisomwe kama kilivyoandikwa. Anayegeuza "mato" kuwa "macho" anavunja kina, na shairi linaumia kweli.

Baada ya kusoma, swali moja latosha: kwa nini umetua hapo? Mwanafunzi ajibu kwa kuonyesha neno ndani ya ubeti. "Nimehisi tu" isikubaliwe.