SOMO: Jinsi ya kujua Datsun 240Z yako ilitengenezwa lini na kwa soko gani

Kila mara ni swali lile lile, "wakuu, 240Z yangu ni ya mwaka gani?", na picha moja ya taa za mbele. Naandika mara moja. Ukiulizwa, mlete muulizaji hapa.

1. Fungua boneti, tafuta kibati cha namba ya chesisi karibu na kichwa cha shokapu, upige picha.

2. Soma alama za mwanzo wa namba, kabla ya tarakimu za mfululizo. HS30 ni injini ya L24, usukani kulia. HLS30 ni L24, usukani kushoto, na nyingi zilienda Marekani. S30 tupu ni Fairlady Z ya Japani yenye L20 ya lita 2. PS30 ni Z432, toleo maalumu lenye injini ya S20. Ukikuta RS30 au RLS30, hiyo ni 260Z, toleo la baadaye, hata kama nembo inasema 240Z.

3. Linganisha na namba iliyogongwa kwenye bati la ukuta unaotenga injini na abiria. Hapa nisikilizeni, maana hatua hii niliwahi kuiharibu. Kibati kimeshikwa kwa ribiti, kinang'oka na kuhamia gari lingine kwa dakika kumi. Namba ya ukutani imegongwa kwenye bati lenyewe, nayo ni nyembamba kuliko unavyodhani. USITUMIE grenda, brashi ya waya wala msasa: ukila nusu milimita tu, ushahidi umekwenda na hakuna wa kuurudisha. Paka dawa ya kutoa rangi, subiri ilainike, sugua kwa mswaki wa plastiki, futa. Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni ili kila tarakimu itupe kivuli chake. Bado haisomeki? Weka karatasi nyembamba juu yake, pitisha penseli laini kwa ubapa. Angalia pia pembeni: mstari wa kuchomelea au lundo la filla kuzunguka namba ni dalili kwamba kipande kimepachikwa.

4. Tarehe. HLS30 za Marekani zina kibati kwenye nguzo ya mlango wa dereva chenye mwezi na mwaka. Huna? Kusanya lebo za mikanda ya usalama na alama za tarehe kwenye vipuri. Kifaa cha asili hutangulia gari, hakilifuati. Mkanda wa Mei 1972 kwenye gari linalodaiwa kuwa la 1970 umebadilishwa, au dai ni la uongo.

5. Injini. Namba imegongwa kwenye bloku, upande wa kulia, nyuma, chini kidogo ya silinda hedi. Soma yote, herufi na tarakimu. L24 ina cc 2393. L26 na L28, injini kubwa za baadaye, zinaingia palepale na kwa nje zinafanana, ndiyo maana wengi wanaendesha L28 bila kujua. Hedi ya mwanzo ina alama E31, ya baadaye E88.

6. Bodi. Za mwanzo zina matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo. Mwanzoni mwa 1971 yalihamia kwenye nguzo za nyuma, na nembo ya duara yenye Z. Mlango wa nyuma hubadilishwa kirahisi, amini nguzo.

MASWALI

Mzee_wa_Carb: Mkuu, yangu ni ya mwaka gani? Rangi nyekundu.
— Hatua ya 1.

Mzee_wa_Carb: Kadi inasema 1971 ila fundi anasema 1970. Nani mkweli?
— Huenda wote. Marekani magari mengi yaliandikishwa kwa mwaka wa kuuzwa. Kadi hunakili kilichoandikwa kabla yake. Angalia chuma.

BintiZ: HS30 inathibitisha kwamba gari liliuzwa nje ya Japani?
— Swali zuri sana. Hapana. Mwishoni mwa 1971 Japani nayo ilipata L24, na hizo pia ni HS30. Angalia maandishi ya kibati: Fairlady au Datsun? Kisha tarakimu za namba yenyewe. Weka picha hapa tuzisome pamoja.

Kipusa73: Nimeshapiga msasa, namba inaonekana kidogo. Somo lako limechelewa.
— Acha hapo hapo. Paka mafuta mepesi kuzuia kutu, usiguse tena. Na usimruhusu mtu "akuongezee" tarakimu kwa patasi. Hapo unaingia kwenye kesi ya jinai.

Mnazi_wa_Safari: Familia inasema gari letu lilishinda mbio za Safari Rally.
— Walioshinda na 240Z ni Edgar Herrmann na Hans Schüller, 1971, kisha Shekhar Mehta na Lofty Drews, 1973. La 1971 Nissan, wenye jina la Datsun, wanalihifadhi Japani. Rangi nyekundu na boneti nyeusi hupakwa na yeyote. Leta picha ya zamani inayoonyesha bamba la usajili, na hati inayounganisha bamba hilo na chesisi yako. Hata kama halikushinda, matundu ya zamani ya taa za ziada na bati za kuimarisha chini ya bodi yapige picha kabla fundi hajayaziba.

BintiZ: Nimefuata tochi ya ubavuni. Tarakimu ya tatu niliyoisoma 3 ni 8!
— Safi. Piga picha tatu, mwanga kutoka pande tofauti, uziweke pamoja na kadi.