Kosa la Mwenzako, Kesi Yako: Mwongozo kwa Vijana Wetu na Walezi Wao Uingereza

Mwongozo huu unahusu sheria ya England na Wales inayomhukumu mtu kwa kosa la mwenzake, na hasa sentensi moja ambayo vijana wetu huitamka kituo cha polisi wakiamini kwamba inawaokoa: "Nilijua huwa anabeba kisu, lakini mimi sikumgusa mtu." Mpwa wangu aliitamka. Alikuwa ndani ya gari wakati rafiki yake aliposhuka na kumchoma kijana mwingine, na polisi walipomwita kwa upole aende kuhojiwa kwa hiari, wazee wa nyumbani walimwambia kwa simu aende aseme ukweli wote, kwa kuwa asiye na hatia haogopi. Maneno yake yakawa nguzo ya mashtaka dhidi yake, na ingawa hatimaye yaliondolewa, alikuwa ameshakaa rumande kwa miezi na kupoteza nafasi yake chuoni.

Wazee wetu hawakuwa na nia mbaya, lakini walipaswa kukumbuka kwamba hata kwetu mtu hufungwa kwa tendo la mwingine: vifungu vya 20 na 21 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na vya 22 na 23 vya Tanzania, vinazungumzia jambo hilohilo la wasaidizi na nia ya pamoja. Uingereza msingi wake ni sheria ya mwaka 1861, ambayo kifungu chake cha 8 kinasema kwamba anayesaidia, anayechochea, anayeshauri au anayewezesha kosa atahukumiwa kama mtendaji mwenyewe. Kwa mauaji, maana yake ni kifungo cha maisha kwa mtu mzima, hata kama kisu hakikuwahi kufika mkononi mwake.

Mwaka 2016, katika shauri la mshtakiwa aitwaye Jogee, Mahakama ya Juu ilikiri kwamba sheria ilikuwa imepotoka tangu mwaka 1984, kwa sababu ilitosha mshtakiwa awe aliona mapema kwamba mwenzake huenda akaua. Sasa ni lazima ithibitike kwamba alikusudia kusaidia au kutia moyo. Wengi waliposikia hivyo walipumua, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa maana mahakama hiyohiyo ilisema kwamba kuona mapema kunabaki kuwa ushahidi ambao baraza la wazee wa mahakama (raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) linaweza kuutumia kufikia uamuzi kwamba ulikusudia. Kwa hiyo kila unapoeleza ulichokijua kuhusu tabia za rafiki yako, unaeleza habari za nia yako mwenyewe. Kuwapo tu mahali pa tukio si kosa, lakini kuwapo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kumtia moyo mtendaji. Na kujitoa katika jambo mlilolianza pamoja hakutambuliwi kirahisi, bali kunahitaji kuonekana wazi, na mapema.

Nasisitiza, kwa sababu ndilo lililotuumiza: usihojiwe bila wakili. Wakili wa kituoni ni bure kwa kila mtu, awe na kipato au hana, awe amekamatwa au ameitwa kwa hiari, na kumwomba hakuhesabiwi kuwa dalili ya hatia. Mkalimani pia ni bure, na aliye chini ya miaka 18 lazima awe na mtu mzima wa kumsimamia. Wala usiamue peke yako kunyamaza, kwa kuwa mahakama inaweza kukufikiria vibaya ukileta baadaye utetezi ambao ungeweza kuutaja mapema. Mwachie wakili apime.

Kosa la mwenzako linaweza kukufikia pia kupitia benki. Akaunti yako usimwazime mtu, hata ndugu, apitishie fedha usizozijua: utakatishaji wa fedha una kifungo cha hadi miaka 14.

Jamii ya Uingereza hujisifu kwamba kila mtu hubeba mzigo wake mwenyewe, lakini takwimu zilizotolewa mwaka 2023 na waendesha mashtaka wenyewe zilionyesha kwamba Weusi wanaoshtakiwa kwa ushirika wa aina hii ni wengi kupita kiasi wakilinganishwa na idadi yao nchini. Kwa maoni yangu, urafiki wa vijana Weusi hutazamwa upesi mno kama genge, na mzazi asiyelijua hilo humpeleka mwanawe kituoni akiwa hana kinga. Asiye raia ana hatari ya ziada: kifungo cha miezi 12 au zaidi humweka katika utaratibu wa kufukuzwa nchini, hata akiwa na kibali cha kudumu, isipokuwa aangukie katika misamaha iliyowekwa.

La mwisho ni kwa ndugu wanaotaka kuyamaliza kifamilia. Msiipigie simu familia ya shahidi wala ya aliyeumizwa, msitume mtu mzima wa heshima akaombe radhi kwa niaba yenu, na msijadili kesi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa kuwa kumshawishi shahidi ni kosa linalosimama peke yake, na ujumbe wa sauti uliotumwa kwa huruma unaweza kuchezwa mahakamani. Mwenye neno la kusema alipeleke kwa wakili.