Rangi kutoka kwenye seloteipu isiyo na rangi

Kwa mchoro wa rangi ambao mtoto atautengeneza kwa vipande vya seloteipu, unahitaji seloteipu angavu ya kawaida, kioo cha fremu ya picha cha sentimita 13 kwa 18, wembe, laptopu yenye skrini ya LCD, na miwani ya jua ya polaraizi, yaani inayopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu. Pima miwani kwanza. Fungua ukurasa mweupe mtupu, ishike miwani mbele ya skrini na uizungushe polepole. Skrini ikizama gizani, miwani ni yenyewe. Isipobadilika, hiyo ni plastiki nyeusi tu, lebo iseme itakavyo.

Zungushia kingo za kioo tepu ya karatasi ya wapaka rangi, watoto wasijikate. Msishawishike kutumia karatasi ya nailoni badala ya kioo: nyingi huvutwa kiwandani, zitatoa rangi zake na kuvuruga za mtoto.

Bandika ukanda mmoja wa seloteipu. Miwani ikiwa imetulia kwenye pembe ya giza, weka kioo kati yake na skrini, ukizungushe. Kwa mzunguko mmoja ukanda utapotea mara nne. Katikati ya kupotea na kupotea ndipo unapong'aa zaidi. Hapo chora mshale pembeni. Mchoro ukipauka baadaye, rudi kwenye mshale.

Sasa ngazi ya rangi. Bandika vipande sita, kimoja juu ya kingine, kila cha juu kikiwa kifupi kwa sentimita 1, vyote vikielekea upande mmoja. Kila tabaka litatoa rangi yake. Mtoto aziandike, maana rola ya aina nyingine itatoa ngazi nyingine. Ukizidisha sana tabaka, utaishia na waridi na kijani hafifu.

Vipande viwili vikikatiza kwa pembe mraba, rangi hufutana na kubaki weusi. Watoto hudhani wameharibu, kumbe wamepata wino mweusi.

Kwa mchoro wa kwanza jaribuni kanga: pindo tabaka mbili, mji tabaka tano. Sugueni kwa mgongo wa kijiko kutoa viputo. Kukata kwa wembe ni kazi ya mkubwa. Kisha geuza miwani robo mzunguko: giza linakuwa weupe, na kila rangi inampisha mpinzani wake.

Mtoto akiuliza kwa nini: seloteipu imevutwa, hivyo mwanga ukipita hugawanyika sehemu mbili, moja ikachelewa. Tabaka zikiongezeka, ucheleweshaji nao unaongezeka, na rangi inayopenya miwani inabadilika. Miwani hiyo isitumike kamwe kutazama jua.