Kabla Hujagawanya: Maandalizi ya Kukokotoa Mkondo katika Saketi Mfululizo

Kanuni ya Ohm kila aliyepita sekondari anaikumbuka: mkondo ni volti gawa kwa omu. Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani, aliichapisha mwaka 1827 na tangu hapo haijabadilika. Anayekosa jibu ni nadra kukosea kugawanya. Namba zenyewe ndizo zilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Tuchukue kazi ndogo ya mtaani: kufunga kitaa chekundu cha LED kwenye bodaboda ya betri ya volti 12, kikiwa mfululizo na rezista, kijifaa cha kuzuia mkondo usizidi, ili kisiungue.

Kwanza hakikisha saketi ni mfululizo kweli. Weka kidole kwenye ncha chanya ya betri, fuata waya mpaka urudi kwenye ncha hasi. Njia ikigawanyika popote, kujumlisha omu moja kwa moja hakufai tena. Ikiwa ni moja tu, mkondo ni uleule kila mahali. Ndiyo maana ubishi wa mafundi wachanga, rezista ikae kabla ya taa au baada yake, hauna maana: popote utakapoiweka, sawa.

Halafu volti, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Lebo inasema 12. Betri ikijaa na kutulia, mita husoma kama 12.6, injini ikinguruma na chaji ikiingia, hufika karibu 14.4. Piga hesabu kwa hiyo kubwa, maana ndiyo itakayokiunguza kitaa. Tena, LED haifuati kanuni ya Ohm. Nyekundu hubaki na takriban volti 2 zake, upende usipende, kwa hiyo zitoe kwanza: rezista inabakiwa na 12.4. Mwanafunzi anayetumia mawe ya tochi naye aangalie yalivyolala. Manne ya volti 1.5 yanatoa 6, lakini moja likigeuzwa kichwa chini zinabaki 3, kwani hilo moja linapingana na mwenzake.

Ukinzani, yaani zile omu, usiuamini kwa macho tu. Rezista yenye mistari ya bluu, kijivu, kahawia na dhahabu ni omu 680, ila huo wa dhahabu unaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, yaani popote kati ya 646 na 714. Pima, umeme ukiwa umezimwa na mguu mmoja wa rezista ukiwa nje ya saketi. Zikiwa mbili au tatu, zijumlishe zote, usigawe kwa moja moja. Balbu ya nyuzi ni kesi nyingine kabisa: ya volti 12 na wati 21 ikiwaka ina karibu omu 7, lakini ukiipima ikiwa baridi utakuta chini sana ya hapo. Mita haidanganyi; ni waya wa ndani ambao ukinzani wake hupanda unapopata moto.

Vipimo vilingane. Volti gawa kwa omu hutoa ampea: 12.4 kwa 680 ni kama 0.018, yaani miliampea 18, na LED ya kawaida ya miliampea 20 itaridhika. Mimi huandika 0.68 kilo-omu, jibu likaja lenyewe kwa miliampea bila kuhesabu sifuri. Kabla hujanunua, zidisha 12.4 kwa 0.018: ni karibu wati 0.23. Rezista ya robo wati itaivumilia kwa shida na itakuwa ya moto ukiigusa. Chukua ya nusu wati. Bei hazipishani sana.

Mwisho ni mita. Kupima mkondo unakata njia na kuiingiza mita katikati, iwe sehemu ya saketi. Kupima volti unagusisha pembeni tu. Nilipokuwa najifunza niliacha waya mwekundu kwenye tundu la ampea, nikagusisha ncha mbili za betri nikitaka kusoma volti. Cheche, harufu, fyuzi ya mita kwaheri. Tangu siku hiyo huangalia tundu kabla ya kuangalia kitu kingine.

Ukishafunga, pima volti za kila kifaa na uzijumlishe: 12.4 za rezista na 2 za taa zirudi 14.4 za betri. Zikipungua, zilizobaki zimeliwa njiani. Mara moja nilitafuta volti 1 na ushee iliyopotea mpaka nikafungua swichi ya ufunguo, nikakuta vidole vyake vya shaba vimeota kutu ya kijani.