Mume yuko safari na mtoto ana siku kumi: nilivyojipanga hatua kwa hatua

Habari zenu wapendwa, naandika huku mtoto kanilalia kifuani kwa hiyo nikikatiza mnivumilie. Kuna dada juzi aliuliza mtu anawezaje kubaki na kichanga peke yake mume akiwa kazini mbali, nikaona niandike yote kwa pamoja.

Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mzigo Lubumbashi, Congo, na safari ya kule haina tarehe, ukikuta foleni mpakani Tunduma na mpaka wa Kasumbalesa nako kumekaa vibaya basi wiki tatu zinakuwa tano. Mtoto wetu wa pili alipofikisha siku kumi akaitwa kazini. Mama yangu yuko Songea anamuuguza baba, hakuweza kuja. Nikabaki mimi, kichanga na kaka yake wa miaka minne, chumba na sebule, Mbagala.

Kwa yule wa kwanza nilibaki hivi hivi bila mpango, nikawa nahangaika na mtoto kutwa nzima mimi mwenyewe sijala, siku moja nikadondoka uani nimeshika ndoo, Mungu mkubwa mtoto alikuwa kitandani. Ndo maana safari hii tulianza kujipanga kabla baba yake hajafunga begi.

Hatua ya 1: Malizaneni mambo ya hela na vitu kabla hajaondoka

Hela ya chakula iwe kwenye simu yako, na hela ya dharura iwe pembeni haiguswi, sio "nikifika nitakutumia", akifika mpakani laini haishiki utafanyaje? Mtungi wa gesi ujazwe, umeme wa LUKU uwekwe wa kutosha, pipa la maji lijae. Kadi ya bima kama mnayo ibaki nyumbani, isiende Congo kwenye waleti. Na mkubaliane saa ya kupigiana simu, kule Lubumbashi wako nyuma yetu saa moja, sisi tulipanga saa mbili usiku ya huku.

Hatua ya 2: Tafuta watu wawili, uwaombe kwa mdomo wako

Usiseme tu "majirani wapo". Mimi nilimfuata mama wa chumba cha pili nikamwambia mama shikamoo, baba fulani anasafiri, nikikupigia saa nane usiku utaamka? Akanijibu mwanangu wewe gonga ukuta tu. Huyo ndo wa usiku. Wa mchana ni binti wa wifi yangu, anakuja saa nne anafua nepi, anamchukua yule mkubwa anacheza naye, mimi nalala. Halafu kuna kijana wa bajaji anayelala mtaani kwetu, namba yake nimeiandika ukutani kwa maka peni, kubwa, maana simu ikizima chaji usiku namba zote zimezima nayo.

Hatua ya 3: Panga kitanda ili usiku usisimame

Hii imeniokoa kuliko zote. Kabla ya kulala naweka beseni pembeni ya kitanda, ndani yake nepi sita, kanga mbili, nguo ya kubadilisha, chupa ya maji, chupa ya chai yenye uji, na kitu cha kutafuna hata kiazi cha kuchemsha. Tochi inaning'inia kwenye kamba ya neti. Mtoto akiamka namnyonyesha nimekaa nimeegemea ukuta, nambeba begani nampapasa mgongo mpaka abeue, nambadilisha, namrudisha chali kwenye nafasi yake, hakuna mto wala blanketi zito karibu na uso wake. Ukiona usingizi unakuzidi umemshika mikononi, mlaze kwanza, usisinzie naye.

Hatua ya 4: Kula kabla hujaosha chochote

Vyombo vitakusubiri. Jumapili wifi alinipikia mtori sufuria kubwa na maharage, tukagawa kwenye vibakuli tukaweka friji ya jirani. Asubuhi uji, mchana ugali au wali na mboga za majani, maji kila ukinyonyesha. Mama mwenye njaa anakuwa na hasira na hata kumshika mtoto mikono inatetemeka, nimeyapitia.

Hatua ya 5: Hesabu nepi

Kichanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku nzima, mchana na usiku, kwa hiyo usishangae ukiona hakuna kingine unachofanya. Ukitaka kujua anashiba angalia nepi, akishapita siku ya tano anatakiwa akojoe angalau mara 6 kwa siku. Mimi nachora vistari kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Dalili ambazo hutakiwi kusubiri mpaka mume apokee simu

Amekataa kunyonya, mwili umefika nyuzi 38 au zaidi, au umekuwa wa baridi hata ukimfunika, anapumua haraka kupita kawaida au kifua kinabonyea, degedege, viganja na nyayo za njano, kitovu chekundu kinatoa usaha. Ukiona hata moja unaenda hospitali saa hiyo hiyo. Kichanga wangu alichemka siku ya kumi na sita saa tisa usiku, nikagonga ukuta, yule mama jirani akaja akabaki na mkubwa, bajaji ikaja, tukapokelewa mapema kumbe kitovu kimepata maambukizi. Baba yake nilimwambia asubuhi tukiwa tumeshachomwa sindano. Na wewe mama je? Damu nyingi inayolowesha pedi ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu, kichwa kinauma sana na macho hayaoni vizuri, nenda pia, usiseme nasubiri arudi.

MASWALI YENU

Swali: Dada mimi ndo huyo mume, niko mgodini siku 28 ndani, mke ana mtoto wa wiki mbili. Nifanye nini kutoka huku?
Jibu: Asante kaka kwa kuuliza. Ukipiga simu anza na "umekula nini leo", halafu ndo mtoto. Tuma hela kabla hajaomba. Mtafutie mtu wa kufua na umlipe wewe mwenyewe ili asiwe na la kuwaza. Akikuambia amechoka usimjibu wenzako wanaweza, msikilize tu mpaka amalize.

Swali: Mama mkwe anasema mtoto analia jioni sababu ana kiu, nimpe maji kidogo na dawa ya chango. Nikikataa naonekana najifanya msomi.
Jibu: Usimpe mamii, maziwa yako yana maji yote anayohitaji mpaka afikishe miezi 6. Kilio cha jioni kiko kwa vichanga wengi, kinazidi kwenye wiki ya sita hivi halafu kinapungua. Mwambie mama kwa heshima kwamba nesi wa kliniki amekataza, tena nenda naye kliniki ile ya wiki 6 ya chanjo akasikie mwenyewe.

Swali: Unaogaje wewe ukiwa peke yako, choo chetu kiko nje?
Jibu: Akishashiba na kulala namlaza katikati ya kitanda chini ya neti, mlango nafunga, naoga dakika tano. Akilia dakika mbili hatapata shida. Ukiwa na mtoto mwingine mdogo ndani usimwachie amwangalie, oga binti au jirani akiwepo.

Swali: Naandika nalia. Mtoto ana wiki tatu, mume yuko Oman kikazi, silali hata mtoto akilala, jana nilitamani nimtupe nikaogopa.
Jibu: Pole sana mdogo wangu, umefanya vizuri kusema. Sasa hivi mlaze chali sehemu salama, funga mlango, toka nje upumue, kulia hakutamdhuru lakini usimtikise kabisa. Halafu piga simu mtu mmoja aje alale na wewe leo, yeyote, na kesho asubuhi mwende naye kituo ulichojifungulia umwambie nesi maneno haya haya uliyoniandikia, ni ugonjwa unaotibika na wewe sio mama mbaya. Wazo likirudi usiku huu usisubiri asubuhi, nendeni hospitali. Uko sehemu gani? Nijibu inbox, niko macho nanyonyesha.