Kabla ya kusaini pesa ya mwekezaji, piga hesabu ya siku ya kuuza

Ndugu zangu mnaojenga kampuni za teknolojia hapa Kampala, msiangalie thamani ya kampuni peke yake kwenye mkataba. Tafuteni kifungu kinachosema nani analipwa kwanza kampuni ikiuzwa. Mwekezaji akiweka dola 500,000 kwa sharti la kurudishiwa mara 2 kabla ya wengine, kisha kampuni ikauzwa dola 1,200,000, anachukua 1,000,000. Ninyi waanzilishi mnagawana 200,000 iliyobaki, hata kama mna asilimia 80 ya hisa. Inauma sana. Komaeni na mara 1, yaani arudishiwe kwanza kile alichoweka tu. Na hisa zote ziandikishwe mapema URSB, ofisi ya serikali ya Uganda inayosajili kampuni. Mwanzilishi aliyeondoka bila maandishi anaweza kukwamisha mauzo mnunuzi akiwa tayari mezani.